Blanketi la Baba Mkwe

Mwezi uliopita mliponiaga pale kwenye ofisi yetu ya msaada wa sheria, juu ya duka la nafaka, mlinipa saa ya ukutani na keki yenye jina langu. Halafu Kasyoka, ambaye ndiye mdogo wenu na ndiye mwenye sauti kubwa, akasimama akasema, "Mama Mutheu, usiende hivi hivi. Tuandikie mambo yako na Profesa." Mkapiga makofi. Kukataa mbele ya watu kunataka ujasiri kuliko kukubali, kwa hivyo nikakubali. Sasa niko nyumbani, saa yenu inapiga kelele ukutani, nami naandika. Naandika polepole. Shule niliiachia darasa la saba, na tangu hapo kazi yangu imekuwa ya mdomo, si ya kalamu. Mkiona sentensi fupi, jueni mkono ulikuwa umechoka.

Sitaandika juu ya mishahara. Mnaijua, maana ninyi mnapokea ile ile.

Nilipokuwa msichana nilikuwa na haya ya kupita kiasi. Nikitumwa dukani nilingoja wateja wote watoke ndipo niseme ninachotaka, na kuna siku duka lilifungwa nikiwa bado nangoja. Baadaye, nilipokwisha kuolewa Mwala, nilipata kazi mjini Machakos kwa Bi Halima, mama Msomali aliyeuza kanga, makobazi na viatu vya raba, huku mume wake akizunguka vijijini kununua mbuzi. Kikamba cha Bi Halima kilikuwa cha kuhesabu tu. Kiswahili cha wateja wake wengi kilikuwa cha kuomba kupunguziwa. Katikati nilisimama mimi, nikipeleka maneno huku na huku. Nilijifunza Kiswahili pale, na nilijifunza pia kwamba mtu anaweza kuongea kutwa nzima bila kusema lake hata moja. Jambo hilo lilinifaa sana.

Asubuhi moja ya baridi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, aliingia mama mmoja mzungu, mrefu, wa makamo, amevaa sweta la kiume. Akasema, "Hamjambo. Je, mna viatu visivyopitisha miiba?" Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha kitabu kisichofunguliwa. Bi Halima aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemleta. Wakati huo tulikuwa na kesi yetu: bibi mmoja mzee alikuwa amerudisha makobazi yaliyokatika kamba, naye alikuwa akitueleza kwa Kikamba, kwa mikono yote miwili.

"Anasemaje?" Bi Halima akauliza.

"Anasema kamba imekatika. Anataka mengine."

Mzungu akageuka. "Samahani," akaniambia. "Bibi huyu amesema maneno mengi sana. Wewe umesema machache. Umeacha nini?"

"Nimeacha matusi."

"Matusi gani?" Bi Halima akauliza. Mimi nikaangalia sakafu. Mzungu alicheka mpaka akashika kaunta. "Ninatafuta mkalimani," akasema. "Lakini namtaka asiyeacha matusi."

Bi Halima aliniruhusu niende. Alisema, "Ukichoka na huyo, kaunta yako iko."

Jina la mzungu huyo lilikuwa Ruth. Wazee walimwita Luthi, nasi wa kazini tulimwita Profesa. Alifundisha sheria ya mali na ardhi katika chuo kikuu huko Marekani, mahali penye theluji. Kila mwaka chuo chake kilipofunga, alikuja kwetu, wakati wa ukungu juu ya vilima vya Iveti na mahindi yakianikwa. Alitaka kujua watu hugawanaje ardhi pale ambapo hakuna aliyeandika chochote. Kiswahili alikijua, Kikamba hakukijua, na wazee wetu walikuwa na Kikamba chote na Kiswahili kidogo. Basi kazi yangu ilikuwa kati ya hayo mawili.

Siku ya kwanza tulikwenda Katelembo, kwa wazee waliokuwa wakiamua mpaka wa shamba. Mzee mmoja akaanza kujieleza kwa Kikamba. Nikasema kwa sauti ndogo, kama iliyojificha kwapani, "Anasema ana wake watatu."

Profesa akanikatiza. "Hapana. Akisema mimi, wewe sema mimi. Hakuna anayesema *anasema*. Wewe hupo."

Nikainamisha kichwa nikasema, "Mimi nina wake watatu, na huyu wa tatu ananisumbua."

Wazee waliojua Kiswahili walicheka mpaka mmoja akamwaga ugoro wake. "Kumbe huyu msichana ako na mabibi watatu!" akasema. "Na sisi hatukualikwa hata harusi moja!"

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kwamba kesho naenda kwa Bi Halima. Lakini usiku huo nilipokuwa nikiwaza, niliona jambo. Yule *mimi* hakuwa mimi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesema kwa sauti mbele ya watu wazima na hakuna aliyekuwa akiniangalia mimi hasa. Kasyoka, umewahi kuniuliza kama mtu mwenye haya anaweza kazi hii. Nadhani yeye ndiye anayeiweza. Hana haraka ya kuingiza maneno yake.

Vifaa vyetu mngevicheka. Tulikuwa na redio ya kurekodi, kubwa kama mkate wa familia, na betri zake zilipokufa tulizianika juu ya bati zikafufuka kidogo, za kutosha mzee mmoja asiye na maneno mengi. Utepe wa kaseti ukilegea, unaukaza kwa kalamu ya biro. Redio ilikaa ndani ya kiondo ili vumbi la Mwala lisiingie. Nilibeba pia kigoda changu, kifupi kuliko viti vya wazee, kwa sababu mkalimani akikaa juu kuliko mzee, mzee hasemi ukweli, anahutubia. Kaa upande wa sikio lake. Angalia mdomo wake, si macho yake. Na usile muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kabla ya kikao kirefu. Hilo nilijifunza kwa njia ambayo sitaiandika.

Namna ya Profesa ya kufanya kazi ndiyo iliyotusumbua wote. Hakusema kitu, aliuliza. Ukimjibu, alibadilisha kidogo kisa na kuuliza tena. Mbuzi wa ntheo huchinjwa kwa wazazi wa msichana ili ndoa iwe ndoa? Ndiyo. Na kama mbuzi angekufa njiani? Na kama aliyempeleka alimwiba? Na kama wazazi walimla lakini msichana alikuwa amesafiri? Wazee wa Katelembo walichukia.

"Huyu mama anaulizauliza kama mtoto," mmoja akasema. "Kwani kwao hakuna wazee?"

Nikatafsiri. Profesa akajibu, "Wapo, mzee. Nao nawauliza hivi hivi, na wao pia hukasirika."

Alituambia kwamba darasani kwake aliita jina la mwanafunzi bila kumtahadharisha, akamsimamisha, akamuuliza mpaka jasho limtoke. Sisi pia alitufanyia hivyo, alipoanza kuwafunza wasaidizi wa sheria wa kwanza pale ofisini. Nilikuwa nikikaa nyuma ya nguzo. Aliniita huko huko.

Mwala akina mama wazee walimweza. Siku hiyo tulikuwa tukiuliza juu ya iweto. Ninyi mliotoka mbali pengine hamjui: mwanamke aliyekosa mtoto anaweza kutoa mbuzi na ng'ombe, akaoa mwanamke mwingine. Watoto wa huyo aliyeolewa ni wa nyumba yake, na huitwa kwa jina la mume wake, hata kama mume alikufa zamani. Huyo aliyeolewa ndiye iweto. Profesa alipomaliza maswali yake, bibi mmoja asiye na meno akasema, sasa ni zamu yake.

"Wewe uko na watoto?"

"Sina, mama."

"Na bwana?"

"Alikuwapo. Alikwenda zake."

"Na nyumba?"

"Nyumba ninayo."

"Sasa unangojea nini? Leta mbuzi tukutafutie bibi! Huyu mkalimani ameolewa, lakini ako na dada."

"Na kama dada yake hatapenda baridi ya kwetu?"

"Mtu hazoei baridi," bibi akasema, "anazoea mwenye nyumba."

Tulicheka sote. Lakini tukirudi mjini, tulipofika mahali pa kupumzika, Profesa akamimina chai kwenye kifuniko cha thamosi akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alisema siku yake ya kwanza kufundisha alitapika chooni kabla ya kuingia darasani, kwa woga. "Ndiyo maana nauliza," akasema. "Anayeuliza haangaliwi. Wote humwangalia anayejibu." Tangu siku hiyo sikuyaogopa tena maswali yake, au tuseme niliyaogopa kama mtu anayejua yametoka wapi.

Kanuni zake zilikuwa chache, na moja alituimbia mpaka tukaiota: shahidi hapewi kitu. Hapewi nauli, hapewi chai, hapewi hata soda. Ukimpa soda leo, kesho mwenzako atauliza soda hiyo ilinunua neno gani. Nimewahi kukaa na mama mwenye kiu katika jua la Mwala, chupa ya maji ikiwa ndani ya kiondo changu, mpaka alipomaliza kusema ndipo nikampa. Aliniita jina ambalo nalo nililitafsiri.

Miaka ikapita hivyo. Redio kubwa ikaondoka, ikaja ndogo isiyo na kaseti, inayoingia mfukoni. Zikaja simu, zikaja boda boda, na wazee wengi niliowatafsiria wakaenda makaburini. Nywele za Profesa zikawa nyeupe. Nilipandishwa cheo mara moja, sikumbuki mwezi. Mwaka wake wa mwisho wa kufundisha, chuo chake kilimpa likizo ndefu, akaja na hakurudi kwa wakati wake wa kawaida. Ndipo alipokuwepo kwa kesi ya Mbula, ile ambayo ninyi mmeisikia vipandevipande.

Mbula alikuwa iweto wa mama aliyeitwa Nduku. Nduku aliachwa mjane bila mtoto, akamwoa Mbula, na Mbula akazaa wana watatu katika nyumba hiyo. Nduku alipokufa, mtoto wa shemeji yake, Kyalo, akajitokeza. Kyalo alikuwa fundi kiwandani Athi River, mtu wa maneno mepesi, na alikuwa amepata mnunuzi wa shamba. Akaenda mahakamani akisema Mbula hakuwa mke wa nyumba ile kamwe. Alikuwa kibarua tu wa Nduku, aliyelimishwa na kulishwa, na sasa mwajiri amekufa, kibarua aende kwao. Mbula hakuwa na kwao. Wazazi wake walikuwa wamekufa na ndugu zake walikuwa wamegawana kila kitu. Akishindwa, angetoka na wanawe bila pa kwenda. Ofisi yetu ilimsaidia kuandika majibu yake, na tulichohitaji kilikuwa kimoja: mtu aliyeona mbuzi wa ntheo wakipelekwa.

Alibaki hai mmoja tu. Alikuwa baba mkwe wangu.

Hapa lazima niwaeleze nthoni, hasa ninyi vijana mnaokula meza moja na wakwe zenu. Kati ya mke na baba wa mume wake kuna heshima inayofunga mdomo. Mke hataji jina la baba mkwe. Hatamki mbele yake neno lolote la mwili wala la kitanda, wala mzee mbele ya mke. Miaka yote niliyoolewa nilikuwa nimezungumza naye salamu na mvua. Hata sasa, naye amekwisha kufa, sitaandika jina lake hapa.

Miguu yake haikuweza tena safari, kwa hivyo hakimu alikuja Mwala, kwenye boma letu. Alikuwa mama kutoka upande wa magharibi, mpole, hajui Kikamba hata neno. Waliweka meza karibu na ghala, mzee akaletewa kiti, na majirani wakajaa hadi kwenye ua. Kabla ya kuanza, karani wa mahakama, ambaye ndiye hutafsiri, akasimama. "Mheshimiwa, mimi nimeoa kwa akina Kyalo. Sio vizuri nitafsiri leo." Hakimu akamshukuru, akauliza ni nani mwingine anayeweza.

Kyalo akasimama upesi. "Huyo mama wa Profesa atafsiri. Mimi sina neno."

Profesa, aliyekuwa ameketi pembeni kama mtazamaji tu, akaninong'oneza, "Anajua nini ambacho sisi hatujui?" Mimi nilikuwa tayari nimejua: Kyalo alitegemea nthoni inifunge mdomo. Nikamwambia hakimu, "Mheshimiwa, huyu shahidi ni baba mkwe wangu." Hakimu akawauliza pande zote mbili. Kyalo akarudia hana neno. Mbula akatikisa kichwa kukubali, maana angefanya nini?

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mzee alisema aliyoyaona, nami nikasema mimi: mimi ndiye niliyepeleka mbuzi kwa wazazi wa Mbula, mimi ndiye niliyeshika miguu ya yule aliyechinjwa. Hakimu akaandika. Kisha ikawa zamu ya Kyalo kuuliza. Akatabasamu, akasema kwa Kiswahili, ili swali nilipeleke mimi:

"Muulize hivi. Kama hiyo ilikuwa ndoa, hao watoto watatu wako na baba gani? Nani alikuwa anaingia kwa hiyo nyumba? Kibarua ndio huzaa watoto hawana baba."

Mzee alikuwa ameelewa Kiswahili cha kutosha, akageuza uso akaangalia ghala. Nami nikaangalia ardhi. Tulikaa hivyo, yeye na mimi, kama watu wawili waliokutana mlangoni na hakuna wa kupisha.

"Mkalimani," hakimu akasema, "mbona kimya?"

"Mheshimiwa, siwezi kumuuliza hilo."

"Huwezi au hutaki?"

"Mheshimiwa, andika shahidi amekosa jibu," Kyalo akasema. "Hiyo tu. Andika."

Hakimu akainua kalamu. Nilimwona Mbula akimvuta mwanawe wa mwisho karibu naye. Ndipo mzee akasema, kwa Kikamba, akilielekeza ghala: "Mwambieni mke wa mwanangu alete blanketi."

Karani akamtafsiria hakimu. Hakimu akauliza kama mzee ni mgonjwa. Karani akamweleza kwamba nthoni ina njia ya kulegezwa. Mkwe akimletea mkubwa wake blanketi na kumfunika mabegani, wanaweza kuzungumza kuanzia hapo. Wengi hufanya hivyo, hasa kwa mama mkwe.

Kyalo akaruka. "Hiyo ni hongo! Shahidi anapewa kitu mbele ya korti, saa hii hii, kabla hajajibu! Si Profesa mwenyewe hufundisha watu wasipewe hata soda?"

Nilimgeukia Profesa. Sijawahi kuuona uso wake vile. Alikuwa akiniangalia kama mtu anayesikia kanuni yake mwenyewe ikimrudia kwa mdomo wa mwingine. Hakimu naye akamgeukia. "Profesa, wewe ni mwalimu wa sheria. Kwenu ingekuwaje?"

Profesa akasimama polepole. "Kwetu ningesema hapana, Mheshimiwa, na ningesema upesi. Lakini hapa si kwetu, na mimi si wakili wa mtu. Ukiniruhusu, nina swali kwa Bwana Kyalo."

"Uliza."

"Bwana Kyalo, mama mkwe wako ana blanketi?"

Kicheko kilianzia kwa akina mama kule uani, kikaja taratibu hadi mezani. Kyalo akasema, "Ako nayo."

"Nani alimpa?"

"Mimi."

"Ulikuwa unamhonga?"

"Ai! Hiyo ni nthoni, kila mtu anajua."

"Na kama siku moja angekuwa shahidi?"

"Bado ni blanketi," Kyalo akasema. "Ni blanketi tu."

Hakimu aliinamia karatasi zake, nadhani ili asionekane akicheka. Kisha akaamua: blanketi litanunuliwa na pande zote mbili, nusu kwa nusu, karani ndiye atakayelileta, na yote hayo yataandikwa. Kyalo akatoa nusu yake akinung'unika kwamba hajawahi kuona mtu akimvisha shahidi wa adui yake. "Nunua nzito!" mama mmoja akapaza sauti. "Baridi ni nyingi!" Karani akapanda boda boda hadi sokoni, akarudi na blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu.

Nililichukua, nikamfunika mzee mabegani. Sikuwahi kumgusa. Yeye akalivuta vizuri shingoni, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa, akasema, "Haya. Uliza."

Nikamuuliza, neno kwa neno kama Kyalo alivyouliza. Mzee akajibu bila haraka, nami nikasema:

"Mimi ndiye niliyemtafutia Nduku mtu wa kuingia katika nyumba hiyo. Alinituma mwenyewe. Hakutaka mgeni, alitaka damu ya mume wake. Nikamwendea ndugu wa marehemu, nikazungumza naye, nikamleta mpaka mlangoni, nikarudi kwangu. Watoto wote watatu ni wake. Jina ni la marehemu, lakini damu ni ya ndugu yake."

"Ndugu huyo aliitwa nani?" hakimu akauliza.

Mzee akamtaja. Nami nikamtaja. Alikuwa baba yake Kyalo.

Kyalo alibaki amesimama, mkono mmoja juu ya kiti, akimwangalia mwana wa kwanza wa Mbula, kijana mrefu aliyekuwa ameegemea ua. Alimwangalia kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akamuuliza mzee, kwa Kikamba sasa, kwa sauti ya chini, "Mama anajua?"

"Mama yako ndiye aliyekuwa akimpikia Mbula uji wa uzazi," mzee akasema.

Hilo halikuwa swali la mahakama, na ningeweza kulimeza. Lakini lilisemwa mbele ya hakimu, na mimi nilikuwa mkalimani. Nikalitafsiri lote.

Tulipokuwa tukirudi mjini tulianza kuviona vilima. Halafu Profesa akasema, "Kuna jambo ninawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka. Usimuulize shahidi swali ambalo hujui jibu lake." Akaongeza, "Leo nami nimelivunja. Sikujua kama yule bwana amemnunulia mama mkwe wake blanketi." Nilimwambia hakuna Mkamba wa Athi River ambaye hajanunua. Akasema ningemwambia mapema asingeogopa kiasi kile.

Siku ya hukumu tulikwenda mahakamani Machakos. Kyalo alikuwepo, ameketi peke yake. Mbula hakuonekana. Tulitazama mlango mpaka hakimu alipoingia. Alisoma kwamba mbuzi wa ntheo walipelekwa na kuchinjwa, kwamba nyumba ya Nduku haikufa kwa kuwa Mbula na wanawe ndio nyumba hiyo, na kwamba hakuna wa kuwatoa shambani. Kyalo alisikiliza mpaka mwisho. Akatoka akasimama nasi ngazini, akiwa na mfuko wake wa karatasi. "Mwambieni yule kijana mkubwa," akasema, "kiwandani wanaandika watu mwezi ujao." Akaenda zake.

Profesa na mimi tukaondoka kwenda Mwala kumpa Mbula habari, tukiwa na wasiwasi kwamba ni mgonjwa au ameshakimbia. Tulimkuta shambani na wanawe. Ilikuwa kabla ya mvua za vuli, ardhi imekauka, mbinguni hamna hata wingu, naye alikuwa akichimba mashimo na kuweka mbegu kavukavu, maana kwetu mbegu ikingoja mvua huwa imechelewa. Alituona, akaendelea mpaka mwisho wa mstari ndipo akaja.

"Mbona hukuja kusikia hukumu?" Profesa akamuuliza.

"Mwalimu, mvua iko karibu. Ningengoja korti, ningepanda lini?"

"Na kama ungeshindwa?"

"Ningeshindwa nikiwa nimepanda." Halafu akanigeukia mimi, na sauti yake ikabadilika. "Haya, sema."

Nikamwambia ameshinda. Nilimwambia kwa Kikamba, kwa mdomo wangu mwenyewe, bila kumtafsiria mtu.

Hakupiga vigelegele. Aliweka jembe chini, akaligeukia shamba lote, akaliangalia kutoka bondeni hadi juu. Ndipo nami nikaona ambalo sikuwa nimeliona tulipofika. Alikuwa amepanda nusu tu. Upande wote wa juu haukuwa umeguswa.

Aliingia nyumbani akakaa kidogo. Alipotoka alikuwa na furushi kubwa la leso, limefungwa mafundo mawili, la mtu aliyejiandaa kuondoka. Akaliweka chini mbele yetu, akalifungua. Akatoa nguo za watoto, akazitupa juu ya ua. Akatoa sufuria, akampa mwanawe airudishe jikoni. Chini kabisa palikuwa na kibuyu cha mbegu, mahindi na mbaazi, nusu nyingine aliyokuwa ameificha ili akifukuzwa asiende mikono mitupu. Akakizibua. Akammiminia Profesa mbegu viganjani, kisha akanimiminia mimi, akatuonyesha kwa kidole mahali pa kuanzia.